Mashini Mbili Katika Nyumba Moja Zikikataa Kuonana

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, hapa Kindu. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.

Tunawashukuru waliovuka mto asubuhi kutoka Alunguli, na wale waliotembea kutoka Mikelenge na Kasuku. Leo hatutaongea juu ya mbegu wala juu ya karatasi za parseli. Tutaongea juu ya kompyuta za biro yetu, na zile ambazo baadhi yenu mko nazo nyumbani: zinaungana namna gani, na tufanye nini siku zinakataa kuonana.

Mtu anaweza kuuliza: hiyo inamhusu nini mama anayeuza pondu sokoni? Inamhusu, tena sana. Kitabu cha michango yetu kiko ndani ya mashini moja. Anayeandika michango anakaa kwenye meza hii, anayeandika misaada ya ugonjwa na ya msiba anakaa kwenye meza ile. Mashini zikionana, wote wawili wanafungua kitabu kimoja. Zikikataa kuonana, kila mmoja anachukua kopi yake kwa flashi. Kisha wiki mbili tuko na vitabu viwili, na havifanani.

Tuseme mama mmoja amelipa mchango wake Jumatatu, umeandikwa kwenye kopi ya kwanza. Alhamisi anafiwa. Anayemsikiliza anafungua kopi ya pili, anaona fasi ya mwezi huu iko wazi. Mama anaambiwa hajalipa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, lakini mama anarudi nyumbani na msiba mara mbili. Na sisi tuliorudi tuko na utajiri gani kupita kuaminiana?

Njo maana tunasema: waya mbovu wa mtandao si jambo la fundi peke yake. Ni jambo la shirika lote.

MTANDAO WA NYUMBA SI INTANETI

Kwanza tutoe fikra moja inayotupotosha wengi. Watu wanasema: "Hakuna mega, kwa hiyo kompyuta haziwezi kuongea." Si kweli. Mtandao wa nyumba ni njia kati ya mashini zilizo katika nyumba ile ile. Intaneti ni barabara kubwa inayotoka nje. Mlango wa barabara ukifungwa, watoto bado wanatembea kutoka chumba kwa chumba.

Kile kisanduku chenye antena tunachoita ruta kinafanya kazi hizo mbili. Kinaunganisha mashini za ndani, na kinazipeleka nje kama kuna mega. Mega zikiisha, kazi ya kwanza inaendelea. Unaweza kufungua kitabu cha michango kilicho kwenye mashini ya jirani, unaweza kupiga chapa kwenye printa ya meza nyingine, bila kulipa hata franka moja.

Kinyume chake, angalieni tunachofanya mara nyingi: mtu anatuma faili kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye hatua mbili kutoka kwake. Ile faili inapanda kwenye mnara wa simu, inatoka nje ya inchi, inafika kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, kisha inarudi Kindu kwenye meza ya pili. Tunalipa kwenda, tunalipa kurudi. Ni kama mtu wa Kasuku kumpelekea jirani yake chumvi kwa kupitia Kisangani.

TUPANDE NGAZI, TUSIRUKE

Mashini zikikataa kuonana, wengi tunaanzia juu. Tunagusa kila kitufe, tunabadilisha hiki na kile, mwisho tunaita mtu, naye anasema: "Tuifute yote, tuanze upya." Ikifutwa, kitabu kinaondoka nayo. Tunaomba hivi: mbele ya kumkubalia mtu yeyote afute mashini, tupande ngazi hii tano kwa tano, kuanzia chini. Shida nyingi zinapatikana kwenye ngazi za chini, na dawa yake ni bure.

Ngazi ya kwanza ni umeme. Umeme wa mji haufiki kila nyumba kila siku, kwa hiyo wengi tunategemea paneli za jua, betri, ao jenereta. Ruta na swichi, kile kisanduku kidogo chenye matundu ya waya, navyo vinakula umeme. Kompyuta inaweza kuwaka kwa betri yake na ukafikiri yote iko sawa, kumbe swichi imelala. Angalia taa zake. Tena angalia kichwa cha umeme cha kila kisanduku: kuna vya volti 5, kuna vya 9, kuna vya 12, na mara nyingi tundu ni lile lile. Ukitia cha 12 fasi ya 5, utaunguza kisanduku. Ukitia cha 5 fasi ya 12, kinaweza kuwasha taa kisha kikaanguka kila mara, nawe utalaumu waya bure. Dawa ni rahisi: andika kwa rangi ileile kwenye kisanduku na kwenye kichwa chake.

Ngazi ya pili ni njia. Kama ni waya, chomoa pande zote mbili, rudisha mpaka usikie ule mlio mdogo. Pale unapoingia kuna kataa kadogo. Kakiwaka, mashini na swichi zimegusana. Kasipowaka, jaribu tundu lingine, kisha waya mwingine unaojua ni mzima. Usibadilishe vitu viwili mara moja, juu hutajua kipi kiliponya. Ndani ya waya huo kuna nyuzi nane za rangi, na mpangilio lazima uwe sawasawa kwenye ncha zote mbili. Mpangilio unaotumiwa sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Waya usipite metre 100. Na panya wa hapa hawachagui: pitisha waya juu ya ukuta, usiuache chini nyuma ya magunia.

Ngurumo zikianza, na wote tunajua mvua za Maniema, chomoa umeme na chomoa waya wa mtandao pia. Waya mrefu unaotoka nyumba moja kwenda nyumba ya pili unaweza kuleta radi mpaka ndani ya mashini, hata ikiwa imezimwa.

Kama ni wifi, uliza swali moja: mashini zote mbili ziko kwenye wifi ileile? Hapa njo tunapotea mara nyingi. Kijana mmoja amefungua wifi ya simu yake ili apate mega, na mashini yake imeshika ile. Ya pili imeshika ruta. Kila moja inaandika "imeunganishwa", na ni kweli, lakini kila moja imeunganishwa fasi yake. Ni watu wawili wanaosema "niko mtoni", mmoja Lualaba, mwingine Elila. Tena ruta nyingi ziko na wifi ya wageni. Aliyeshika ile anaweza kutoka nje kwenye intaneti, lakini hawezi kuona mashini za ndani. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi.

NAMBA YA PARSELI

Ngazi ya tatu ni namba, na hapa tukae kidogo, juu sisi tuliorudi tunaielewa kupita wengine.

Kila mashini katika mtandao iko na namba yake, kama vile kila nyumba iko na namba ya parseli kwenye avenyu. Namba za ndani ya nyumba zinaanza mara nyingi na 192.168. Zilitengwa kwa kazi hiyo katika kanuni za intaneti za mwezi wa 2, 1996, mwaka uleule ambao vita vilianza kutufukuza. Zinatumiwa ndani peke yake. Namba hiyohiyo inaweza kuwa katika nyumba elfu na elfu duniani bila ugomvi, kama vile kila mji unaweza kuwa na avenyu yake yenye parseli namba 12.

Kuiona, fungua ule ukurasa mweusi wa amri kwenye Windows, andika ipconfig, gonga kitufe cha kuingiza. Tafuta mstari wa IPv4. Fanya hivyo kwenye mashini zote mbili, andika namba kwenye karatasi, uzilinganishe. Katika mitandao midogo kama yetu, sehemu tatu za kwanza lazima zifanane, na ya mwisho lazima itofautiane. Kwa mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.12. Hizo ni majirani wa avenyu moja.

Kuna magonjwa matatu ya namba.

La kwanza: unaona namba inayoanza na 169.254. Maana yake mashini iliomba namba, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Ni kama mtu aliyefika usiku, akakosa shefu wa avenyu, akajenga kibanda fasi yoyote. Usihangaike na mambo ya juu. Rudi ngazi ya kwanza na ya pili: ruta imelala, ao waya umekatika.

La pili: moja iko 192.168.1, nyingine iko 192.168.0. Hapo mara nyingi kuna visanduku viwili vinavyogawa namba. Mtu alileta modemu yake akaiongeza kwenye swichi, na nayo ikaanza kugawa. Shefu wawili katika avenyu moja, kila mmoja na daftari lake. Lazima mmoja aache kugawa. Zima ile modemu, washa mashini upya, angalia namba tena.

La tatu: namba moja kwa mashini mbili. Mtu aliandika namba kwa mkono, na ruta ikampa mwingine ileile. Je, hatuijui kesi hiyo? Wangapi kati yetu tulirudi tukakuta parseli ya baba imeuzwa, karatasi mbili, mihuri miwili, namba moja? Kwenye mtandao matokeo ni yaleyale: leo huyu anapita, kesho yule, hakuna anayetulia. Lakini dawa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya baraza: acha ruta peke yake igawe, na ile mashini yenye kitabu ihifadhiwe namba yake ndani ya ruta, isibadilike.

Kisha tuite. Kwenye ule ukurasa mweusi andika ping, acha nafasi, andika namba ya ruta, ile iliyo kwenye mstari wa mwisho wa ipconfig. Mashini inatuma neno dogo na kungoja jibu, kama mtu wa pirogi anayeita ng'ambo. Programu hii iliandikwa na Mike Muuss, Mwamerika, mwezi wa 12, 1983, na jina lake ni mlio wa vyombo vinavyotafuta vitu chini ya maji. Ruta ikijibu, njia yako ni nzima. Kisha ita mashini ya pili. Kama ruta inawajibu wote wawili, lakini ninyi wenyewe hamjibiani, usikate waya. Waya ni mzima. Kuna mlango uliofungwa, na hiyo ni ngazi ya nne.

FUNGUA MLANGO, USIBOMOE UKUTA

Windows inauliza, mara ya kwanza unaposhika mtandao, kama ni wa watu wote ao wa nyumbani. Kwenye mashini zetu za Kifaransa imeandikwa Réseau public na Réseau privé. Ukichagua public, mashini inajificha, kama mtu aliye kwenye soko la mji asiyemjua. Hiyo ni nzuri ukiwa fasi ya wageni. Kwa mtandao wa biro, chagua privé kwenye mashini zote mbili. Mara nyingi shida inaisha hapo hapo.

Kisha fungua dosye moja tu, ile ya kitabu, na useme ni nani wanaoweza kuiingia. Kila mmoja awe na jina lake na neno lake la siri. Neno tupu halikubaliwi: Windows inakataa mtu asiye na neno la siri kuingia kupitia mtandao. Na ile namba fupi unayotumia kufungua mashini asubuhi haifanyi kazi kutoka mashini nyingine. Wengi wanaandika ile namba mara kumi, wanakasirika. Inatakiwa neno lenyewe.

Kama jina la mashini halionekani kwenye orodha, usikate tamaa. Fungua dirisha la madosye, pale juu andika mistari miwili iliyolala nyuma na namba, hivi: \\192.168.1.10. Ikifunguka, basi njia ni nzima na ruhusa ni nzima. Ni jina tu linalopotea. Tumia namba, kazi iendelee.

Ngazi ya tano ni umri. Mashini ya Windows XP na ya Windows 10 zinaweza kujibiana kwa ping na bado zikakataa kugawana dosye. Lugha ya zamani ambayo XP inaongea, Windows 10 iliacha kuiweka yenyewe tangu mwisho wa 2017. Sababu iko. Tarehe 12 mwezi wa 5, 2017, kirusi kinachoitwa WannaCry kilipita kwenye mlango wa lugha hiyo, kikafunga mashini katika inchi zaidi ya 100. Huko Uingereza hata hospitali zilirudisha wagonjwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "turudishe lugha ya zamani", jibu lake ni hapana. Mashini ya zamani ibaki ya kuandikia barua. Kitabu kihamie kwenye mashini mpya.

Kuna pia kabetri kadogo ka mviringo ndani ya mashini, kanaitwa CR2032. Kakifa, mashini inasahau tarehe kila inapozimwa. Kisha faili ya leo inaonekana ni ya miaka iliyopita, na mtu anaifuta akidhani ni ya zamani. Ukiona tarehe imerudi nyuma, badilisha kabetri mbele ya kugusa faili yoyote.

Sasa tuseme neno ambalo tunataka mkumbuke hata kama mnasahau yote mengine. Wako watu ambao, wakishindwa, wanazima ule ukuta wa ulinzi, ule mashini inaita Pare-feu, wanafungua dosye kwa watu wote bila neno la siri, na wanasema: "Mnaona? Imekubali." Ndiyo, imekubali. Imekubali kwa kila mtu. Anayepita barabarani na simu yake, kama wifi yetu haina neno la siri ao neno hilo linajulikana mtaa mzima, naye anaweza kuingia.

Ndani ya ile dosye kuna nini? Majina yetu. Tulikotoka, tulikimbilia wapi, tulirudi lini, tunalala wapi, mama gani yuko peke yake na watoto, nani amepokea feza wiki hii. Tulipita vita vya 1996 na vile vya 1998. Hakuna haja ya kufundishana kwamba orodha ya majina katika mikono mibaya ni silaha. Hata sheria inasema: Kanuni ya dijitali ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inalinda habari za mtu. Wanachama walitupa habari zao kwa kuamini. Heri mashini zikatae kuonana siku mbili, na tuandike kwenye daftari la karatasi, kuliko kuziunganisha kwa kubomoa ukuta.

TUNALOOMBA

Kwa wanachama: kila komini ituletee watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wajifunze ngazi hizi tano kwa mikono yao. Tusiwe na mtu mmoja peke yake anayejua. Akiugua, ao akienda mashambani, biro yote inafungwa. Tunaomba pia daftari likae kando ya ruta. Kila shida iandikwe: siku, taa gani ilizimika, namba gani ilionekana, nini kiliponya. Mwaka ujao daftari hilo litakuwa fundi wetu wa kwanza. Na kila Ijumaa jioni kopi ya kitabu itolewe kwa flashi moja, ikiwa na tarehe, ikae kwenye sanduku la feza chini ya kufuli.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa mashini. Sasa tunahitaji vitu vidogo ambavyo watu hawapendi kupigia picha: waya mzima, vichwa vyake na koleo la kuvibania, swichi ya matundu manane, betri ya kushika ruta usiku, na vibetri vya CR2032. Hapa vitu hivyo vinafika kwa shida na kwa bei. Bila hivyo, kompyuta tatu ni kompyuta tatu zilizo peke yake.

Kwa wote: siku mashini zinakataa, msiogope na msikasirike. Umeme, njia, namba, ruhusa, umri. Mpande pole pole. Anayetaka kuona kwa macho yake, abaki kisha mkutano. Tutachomoa waya makusudi, na ninyi mtatuambia uko wapi.